Je, Mgonjwa Asiyepona Amekosa Imani?

Ndugu wasomaji, swali hili sikulitoa vitabuni, wala silileti kwenu kwa kupenda mabishano. Naliulizwa na mama mmoja wa hapa kwetu Iyula, tena aliniuliza kwa haki, kwa maana mimi ndimi niliyemtia jeraha hata akauliza. Nitawaeleza kwanza mambo yaliyompata, kisha tutazame pamoja kama neno nililomwambia siku ile lilikuwa neno la Kikristo au sivyo.

Mama huyo ana mtoto wa kiume ambaye alishikwa na kifafa alipokuwa na umri wa miaka sita. Nyote mwaujua ugonjwa huu. Mtoto acheza na wenzake, mara aanguka kama mti uliokatwa, macho yageuka, viungo vyatetemeka, povu lamtoka kinywani. Kisha alala usingizi mzito, na akiamka hajui lililompata. Wazee wengi waliuogopa kuliko magonjwa mengine. Walisema povu lile huambukiza, kwa hiyo mgonjwa akianguka motoni wako waliorudi nyuma badala ya kumvuta. Mama yule hakurudi nyuma. Alimpeleka mwanawe hospitali, akapewa vidonge vya kunywa kila jioni, na kwa muda wa mwaka na nusu mtoto alianguka mara mbili tu. Akarudi darasani. Mimi mwenyewe nalimfundisha kusoma, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenzake wengi.

Ndipo alipokuja mgeni mmoja kufanya mkutano wa maombi ya uponyaji. Aliweka mikono juu ya mtoto, akatangaza kwamba amekwisha kupona, na ya kuwa mtu akiisha kuombewa kisha akaendelea kunywa dawa amemfanya Mungu kuwa mwongo. Watu wakaimba kwa furaha. Mama akaenda nyumbani, akavitupa vidonge chooni.

Siku ya tano, nao ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya kwetu mwaijua, mtoto alikuwa akiota moto jikoni wakati mama yake alipotoka kuanua kahawa. Akaangukia mafiga. Mkono wake wa kuume uliungua vibaya, hata vidole viwili vikakatwa.

Nalikwenda kumjulia hali. Mimi ni mwalimu, tena ni mzee wa kanisa, na watu wa namna yangu hudhani kwamba hawawezi kukaa katika nyumba ya msiba pasipo kusema neno. Nikatafuta neno, na lililonitoka ni hili: “Mama, labda siku ile ya maombi ulikuwa na shaka kidogo moyoni.”

Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema taratibu, maana mtoto alikuwa amelala: “Mwalimu, mimi nimetupa dawa ya mwanangu kwa ajili ya imani. Imani ipitayo hiyo ni ipi? Na kama asiyepona hakuwa na imani, basi wote tuliowazika pale kanisani, nawe ukawasomea maneno ya kaburini, walikufa hawana imani?”

Sikuwa na jibu. Nikaaga, nikarudi kwangu kwa njia ya mashambani ili nisikutane na watu.

Tangu jioni ile nalifanya kazi moja ambayo ningalipaswa kuifanya kabla sijafungua kinywa. Nalichukua daftari, nikasoma tena Injili zote nne, na kila mahali Bwana Yesu alipomponya mtu nikaandika jina lake au habari yake, na mbele yake nikaandika swali: ni imani ya nani iliyotakwa? Ni kazi ya kitoto, lakini imenifundisha kuliko mahubiri mengi niliyoyatoa.

Wapo, naam, ambao Bwana aliisifu imani yao wenyewe: yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, Bartimayo kipofu wa Yeriko, yule mkoma mmoja wa wale kumi aliyerudi kushukuru. Habari hizi twazipenda, nasi huzihubiri mara nyingi, hata tukadhani kwamba wote walikuwa hivyo. Lakini tazameni wengine. Mtu mwenye kupooza aliyeshushwa kwa dari, Injili yasema Bwana aliiona imani ya wale waliomchukua; juu ya imani yake yeye aliyelala kitandani haisemi neno. Mtumishi wa akida alikuwa mbali nyumbani, na aliyeamini ni bwana wake. Binti Yairo alikuwa amekwisha kufa, na maiti haiwezi kuamini. Mjane wa Naini hakuomba lo lote. Alikuwa akilia nyuma ya jeneza la mwanawe, na Bwana alimwona tu, akamhurumia. Yule aliyekaa katika ugonjwa miaka 38 karibu na birika aliponywa hali hamjui aliyemponya, hata alipoulizwa na Wayahudi hakuweza kumtaja. Na Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, je? Huyo alikuja usiku pamoja na watu wenye panga na marungu kumkamata Mwokozi, naye aliponywa sikio lake palepale. Katika daftari langu, mbele ya jina la Malko, sikujua niandike nini.

Kisha nikafika kwenye sura ya tisa ya Marko, nikaona haya peke yangu mezani. Humo yumo mtoto aliyeanguka, akatoka povu, akasaga meno, akakauka. Na baba yake alisema ya kuwa mara nyingi alitupwa katika moto na katika maji. Sura hii nimeisoma kanisani mara nyingi, kwa sauti kubwa, na sikumwona ndani yake mtoto wa jirani yangu. Baba yule alikiri mbele ya watu wote kwamba anaamini na ya kwamba hana imani ya kutosha, yote mawili kwa pumzi moja. Je, Bwana alimwambia arudi nyumbani akaipate imani isiyo na doa, ndipo aje tena? La, hasha. Alimshika mtoto mkono, akamwinua.

Tena liko neno ambalo nalikuwa nimelipita miaka yote. Wanafunzi walishindwa kumponya mtoto yule, nao wakauliza kwa siri sababu ya kushindwa kwao. Mathayo aeleza ya kuwa Bwana aliwakemea wao kwa upungufu wa imani yao. Basi lawama iliwaangukia waombaji. Haikumwangukia mgonjwa, wala mzazi wa mgonjwa. Sisi tumeigeuza: mwombaji akishindwa, aondoka na sifa yake mkononi, na mgonjwa abaki na maradhi yake, na juu ya maradhi twamtwika lawama.

Najua kwamba wako watakaonijibu kwa habari za Nazareti, ambako Bwana hakufanya miujiza mingi kwa sababu ya kutoamini kwao. Ni kweli. Lakini someni vizuri: waliokosa kuamini pale walikuwa watu wazima wa afya, waliomdharau kwa kuwa waliwajua ndugu zake na kazi yake ya useremala. Na hata katika mji ule aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache, akawaponya. Kutoamini kwa mji mzima hakukuwazuia wagonjwa wale kupata rehema.

Basi imani si kitu? Sisemi hivyo. Imani ni kama mtungi uupelekao kisimani. Mtungi mzima wachukua maji mengi, mtungi wenye ufa wachukua machache, walakini hakuna mtungi uliozaa maji. Chemchemi ya uponyaji wote ni huruma ya Mungu, na huruma ile haingoji mpaka mtungi uwe kamili. Mkoma wa sura ya kwanza ya Marko alijua kwamba Bwana aweza. Jambo asilolijua ni kama atataka. Bwana alimgusa. Angalieni mpango wa maneno: alimgusa angali na ukoma, ndipo ukoma ukamtoka. Mtu ambaye kwa miaka mingi hakuna mkono uliomgusa aliguswa kabla hajatakasika.

Waliosoma Kiyunani wasema kwamba neno la Injili tulitafsirilo kuhurumia latokana na jina la matumbo ya mtu. Nasi hatukosi kuelewa, maana twasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huo hauko kichwani. Lakini lugha yetu ina neno lingine ambalo nalipenda zaidi kwa jambo hili. Mtu akiwa na ndwele twasema anaugua. Na yule akaaye naye, amwoshaye, amlishaye, akeshaye naye usiku, twasema anamuuguza. Ni neno moja. Waliotuachia lugha hii walijua kwamba mtu hawezi kumtunza mgonjwa kweli pasipo kuingia kidogo katika ugonjwa wake. Na Mungu wetu, tukiyaamini tunayoyakiri, hakutuponya kwa kutupigia kelele kutoka mbinguni kwamba tuamini, alishuka akatuuguza.

Sasa nirudi kwenye vidonge vilivyotupwa chooni, maana hapa watu wengi wanateseka. Yule mgeni alifundisha kwamba dawa na maombi ni kama wake wawili wenye wivu, ukimpenda huyu umemkosea yule. Maandiko hayasemi hivyo. Mfalme Hezekia alipougua hata kukaribia kufa, aliomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini Isaya, nabii mkubwa, aliagiza waandae mkate wa tini waubandike juu ya jipu lake. Ahadi ilikwisha kutoka kinywani mwa Mungu, na bado tini zilitafutwa. Msamaria alitia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga, akalipa fedha nyumba ya wageni. Paulo, ambaye aliwaponya wengi, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, akamwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na mwiba wake mwenyewe aliomba mara tatu uondolewe, wala haukuondolewa. Luka, aliyesafiri naye, alikuwa tabibu. Je, hawa wote hawakuwa na imani?

Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akikaa kijiji cha Samunge huko Loliondo, alisema kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja kwa mtu mmoja, bei yake shilingi 500, na ni lazima kitolewe kwa mkono wake yeye. Jina la Mwasapile si geni masikioni mwa watu wa nyanda zetu hizi za kusini, kwa hiyo na huku habari ilienea upesi. Walikwenda maskini na mawaziri. Walitoka Kenya na nchi nyingine, wakangoja siku kadhaa katika msururu wa magari uliokwenda mbali, hata yeye mwenyewe akaomba watu wasiendelee kuja mpaka waliokwisha kufika wapungue. Wagonjwa kadha wa kadha walikufa njiani au katika kungoja. Waganga wa hospitali nao walionya kwamba watu wenye UKIMWI na wenye kisukari wanaacha dawa zao. Mzee huyo alifariki mwaka 2021.

Mimi simhukumu. Hakutoza fedha nyingi, na hesabu ya moyo wake iko kwa Mungu. Jambo nitakalo mlione ni hili: watu wale walikosa imani? Mtu auzaye mbuzi wake wa mwisho, alalaye barabarani katika baridi na mama yake mgonjwa, akisogea hatua chache kwa siku, huyo ana imani kuliko mimi niliyekaa Iyula nikasikiliza redio. Kama wingi wa imani ndio uponyao, hakuna ambaye angalirudi kutoka Samunge angali mgonjwa. Lakini walirudi wengi, na shida yao ikawa ya namna mbili. Ya kwanza ni maradhi. Ya pili ni haya, kwa maana kusema “sijapona” kulikuwa sawa na kusema “sikuamini.” Basi wakanyamaza. Mwajua methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Dawa za kuzuia nguvu za virusi vya UKIMWI zimekuwa zikitolewa bure hospitalini nchini mwetu tangu mwaka 2004, nasi tukaao karibu na barabara ya Tunduma, ambako malori hukaa mpakani siku nyingi na madereva huwa mbali na nyumba zao, twajua ni wangapi walioinuliwa kitandani kwa dawa hizo. Mtu aziachapo kwa hofu ya kuitwa asiye na imani, ni nani aliyemwangusha? Si kirusi peke yake.

Liko jambo jingine nitakalo kulisimulia, nalo latoka kwa jirani zetu wa Kongo. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, baba yake akiwa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto wa umri wa miaka minane hivi alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakaondoka. Njiani mtoto akamwuliza baba yake mbona yeye akiugua hupewa dawa, na mtoto yule ameombewa tu. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Yule mtoto hakumcheka baba yake wala maombi yake. Aliazimu kwamba baba aombe, na yeye atatoa dawa. Akawa daktari, na tena mchungaji. Hospitali yake ya kwanza, ya Lemera, ilishambuliwa mwaka 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako wanawake maelfu walioharibiwa miili yao vitani wametibiwa, na mwaka 2018 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Nadhani lile swali la mtoto njiani lilikuwa sala iliyosikiwa mbinguni sawasawa na ile ya baba.

Turudi katika kifafa. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akayakataa majibu yote mawili. Nasi tuna desturi ileile. Mtoto akianguka twauliza: nani amemroga? Mama yake alikosa nini? Wakati huo nguruwe wapita mlangoni petu.

Mwaniona nimepotea njia? Sikupotea. Mwaka 2013 ilichapwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya yetu ya Mbozi juu ya mnyoo uitwao tegu, ule wa nguruwe. Kazi yake ni hii. Mtu alaye nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vile vifuko vyeupe kama punje, huota tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Kama hana choo cha shimo, au choo ni kibovu, nguruwe wazururao hula kinyesi, na vifuko vyaota tena katika nyama yao. Lakini mwanadamu naye, akiyameza mayai hayo kwa mikono isiyonawiwa, au kwa maji, au kwa mboga mbichi, huota vifuko vilevile katika mwili, na hata ndani ya ubongo. Na kifuko kikikaa katika ubongo huweza kuleta kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote aweza kupata kifafa kwa sababu ya choo cha jirani yake. Si kila kifafa chatoka huko: kuna kitokacho katika homa kali ya malaria ya utotoni, au katika shida ya kuzaliwa, au katika pigo la kichwa. Huko Mahenge, ambako daktari wa kike wa Kinorwe, Louise Aall, alifungua kliniki ya wenye kifafa karibu na mwaka 1960, na kuwashika kwa mikono yake watu waliokuwa wakila na kulala peke yao, wataalamu wa siku za baadaye wameona ugonjwa huo wahusiana na minyoo iletwayo na inzi weusi wa mitoni.

Sijui chanzo cha kifafa cha mtoto wa jirani yangu. Lakini najua hili, nalo linanichoma: mimi mzee wa kanisa nalikwenda kumpima mama yule shaka ya moyo wake, na siku zile choo changu kilikuwa kimeanguka upande mmoja tangu mvua za masika, na nguruwe wangu hawakuwa na zizi. Je, huruma ya Mungu yaweza kufika katika kijiji kwa njia ya jembe lichimbalo shimo la choo? Zamani ningaliona aibu kuandika sentensi hiyo katika karatasi hizi. Sasa siioni.

Limebaki lililo gumu kuliko yote. Wako ambao twawaombea, na dawa wanywa, na bado hawaponi. Tuwaambie nini? Waliotangulia kutuletea Injili hapa Mbozi mwaka 1899 walikuwa Wamoravian, na ndugu zao walikuwa na kazi nyingine katika mji wa Yerusalemu. Huko ilifunguliwa nyumba ya wakoma mwaka 1867, na mwaka 1887 ikajengwa kubwa zaidi, na masista wa Kimoravian wakawauguza wagonjwa humo miaka mingi. Dawa ya kuponya ukoma haikuwapo. Dawa ya kweli ilianza kupatikana katika miaka ya 1940, na zile za kuchanganywa zilizouweza ugonjwa huu kabisa zilianza kuagizwa mwaka 1981. Fikirini basi: sista aliyefika pale akiwa kijana aliosha vidonda asubuhi, akavifunga, akajua kwamba kesho ataviosha tena, na mwaka ujao vitakuwa vikubwa zaidi, na mgonjwa atakufa nao. Aliomba kila siku. Hakuna aliyetakasika. Je, nyumba ile ilikosa imani?

Mimi nadhani mle ndani palikuwa na uponyaji, ijapokuwa si ule utangazwao kwenye mikutano. Mkoma hufa mara mbili: hufa kwa ugonjwa, na kabla ya hapo hufa kwa kuwa hapana mtu amkaribiaye. Kifo cha pili masista wale walikizuia. Najua ya kuwa jibu hili halimtoshi mzazi wa mtoto anayeumwa. Halinitoshi hata mimi, na mtu akiniuliza kwa nini Mungu aliyeweza kumponya Malko adui yake hakuwaponya wale, nitamwambia sijui. Lakini rafiki za Ayubu walipokuja kwake walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hawakusema neno, na kwa siku hizo saba walikuwa rafiki wema. Walianza kukosa walipoanza kumweleza sababu.

Nalirudi kwa mama yule baada ya majuma matatu. Nalimwambia, “Mama, neno lile nililokuambia halikuwa neno la Mungu, lilikuwa langu. Naomba unisamehe.” Akasema, “Mwalimu, nimekwisha kusamehe. Lakini umwambie na mtoto, maana alikuwa hakulala. Alisikia.” Basi nikaketi kando ya kitanda, nikamwomba radhi mtoto wa miaka tisa. Akaniuliza kama ataweza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia tutajaribu pamoja.

Sasa anaandika, ingawa herufi zake zimelala. Vidonge amerudia, na waganga wamemwambia mama yake asiviache ghafula hata akiona mtoto mzima kwa miezi mingi, maana kuviacha kwa ghafula kwaweza kuleta kuanguka kubaya kuliko kule kwa kwanza. Jioni nikipita njia ile humsikia mama akimwita ndani, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya sala. Kidonge na sala hufuatana, wala sijui ni kipi kitanguliacho.

Ugonjwa haujaisha. Mwezi uliopita alianguka darasani, nikiwa ubaoni. Nilipogeuka, watoto wawili walikuwa wamekwisha kusogeza dawati ili asijigonge, wakamlaza ubavu, mmoja akavua sweta lake akaliweka chini ya kichwa chake. Hawakumtia kitu kinywani, wala hawakuliogopa povu. Wakakaa naye sakafuni, wakingoja aamke. Mimi sikuwafundisha jambo hilo. Nilipowauliza, walisema wamefundishwa na mama yake.